Magunia Manne ya Barbara Kessler

Mzee Wendell Kessler aliinua kadi ya kumi na saba juu ya bakuli la viazi, akaisoma kwa sauti ileile anayoitumia kuamrisha jeshi.

“Sheria ya Stempu. Mwaka gani, ya nini, na watu walifanyaje?”

“Elfu moja mia saba sitini na tano,” Reba alijibu huku akimenya karoti. “Bunge la Uingereza lilitaka kodi kwenye kila karatasi. Gazeti, hati ya shamba, hata karata za kuchezea. Watu wakagoma kununua bidhaa za Kiingereza na kuwatisha makarani wa stempu mpaka wakajiuzulu.”

“Umewasahau makarani waliopakwa lami na kubandikwa manyoya.”

“Sikuwasahau, baba mkwe. Swali lina alama mbili. Kwa alama mbili simpaki mtu lami.”

Dwight, mume wa Reba, alicheka ndani ya kikombe chake cha kahawa. Alikuwa akitengeneza tanuri za kupashia nyumba joto tangu alfajiri na masizi yalikuwa bado masikioni. “Mpe ngumu, baba. Hizo anazijibu hata akiwa usingizini. Juzi kaniamsha ananiambia habari za tumbaku ya Virginia.”

Mtihani wenyewe ulikuwa Jumanne saa tatu asubuhi, na siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Somo lilikuwa Historia ya Marekani tangu mwanzo hadi mwaka 1791, la mwisho kati ya masomo ishirini ambayo Reba, mpishi wa shule ya msingi ya Kesslerford, alikuwa ameyasoma jioni baada ya jioni kwa miaka sita katika chuo cha wilaya. Akilifaulu, ana stashahada. Akiwa na stashahada, anaondoka jikoni na kuwa karani mkuu wa shule hiyohiyo, anakaa kwenye kiti chenye mgongo na kutibiwa meno kwa bima. Akifeli, atalirudia Septemba, na kiti kitakuwa na mtu mwingine. Alishajua anachohitaji: alama sabini na nane. Sabini na saba zisingemfaa kitu.

Asingekuwa na kibarua kigumu hivyo lau si Kapteni Jost. Kesslerford ni mji mdogo wa Pennsylvania, na kila Jumamosi ya tatu ya Mei watu wake huvaa nguo za zamani, hushuka mtoni na kupigana upya Vita vya Kivukoni. Kapteni Jost Kessler na wakulima arobaini huwafukuza Makoti Mekundu, askari wa mfalme wa Uingereza, bendi ya sekondari hupiga, halafu watu hula. Mzee Wendell, kitukuu cha vitukuu vya Jost, amekuwa Kapteni kwa miaka thelathini na moja. Dwight ni Koti Jekundu na hufa mara tatu, maana Makoti Mekundu ni wachache. Kwa hiyo mtihani wa katikati ya muhula ulipouliza juu ya vita katika maisha ya watu wa kawaida, Reba aliandika kurasa nne kuhusu Kapteni Jost bila kuvuta pumzi. Dokta Pruitt, mwalimu wao, aliandika neno moja kwa wino mwekundu pembeni, mara tatu: “Chanzo?” Alimpa hamsini na mbili.

“Chanzo,” mzee Wendell alisema sasa, kana kwamba amesoma mawazo yake. “Chanzo ni mimi. Chanzo ni baba yangu. Mtu anauliza chanzo wakati mji mzima unajua.”

“Safari hii anataka hati. Swali kubwa ametupa mapema.” Reba alifuta mikono, akachukua karatasi iliyobandikwa kwenye friji. “Tuchague tukio moja la wilaya yetu, tueleze kwa kutumia hati iliyoandikwa wakati huohuo. Alama hamsini. Nakala ya hati tunaruhusiwa kuingia nayo.”

“Basi nenda kesho kwa Bi Lapp pale kwenye kumbukumbu ukamletee hati yake,” alisema mzee. “Mletee mpaka aombe radhi.”

*

Chumba cha kumbukumbu za wilaya kilikuwa nyuma ya maktaba, na kilifunguliwa Jumamosi tu, saa nne hadi saa saba. Bi Orpha Lapp, mwanamke mkavu mwenye miwani miwili, mmoja puani na mwingine kichwani, alimnyang’anya Reba kalamu ya wino na kumpa penseli.

“Mikono umenawa?”

“Mimi mpishi, Bi Lapp. Nanawa kuliko daktari.”

“Kanawe tena.”

Reba alikwenda kunawa kama mtoto wa chekechea, akarudi, akaonyesha viganja pande zote mbili. Ndipo alipoeleza shida yake. Bi Lapp alisikiliza mpaka mwisho bila kubadilisha uso.

“Kila baada ya miaka michache anakuja mtu,” alisema. “Anaomba hati ya Vita vya Kivukoni. Namletea. Anaisoma, ananishukuru, anakwenda zake, na simsikii tena. Baba mkwe wako alikuja mwaka wa themanini na tisa.”

“Yeye? Akaisoma?”

“Alifika mstari wa pili akasema miwani kaisahau nyumbani. Ilikuwa usoni.”

Aliweka mezani jalada la kijivu. Ndani yake mlikuwa na karatasi moja ya hudhurungi, imeandikwa pande zote mbili, na pembeni nakala iliyopigwa taipu. Yalikuwa maelezo yaliyotolewa kiaponi mbele ya hakimu wa wilaya, Aprili 1778. Aliyeapa hakuwa Jost, bali Barbara, mkewe. Ofisa mmoja wa jeshi alikuwa amewashitaki wanawake wa kivukoni kwamba ni marafiki wa mfalme, na Barbara akaitwa kujibu. Reba alisoma kidole kikifuata mstari.

*Siku ya kumi na mbili ya Februari walikuja watu kumi na wawili wa jeshi letu, wengi wao hawana viatu, wamefunga matambara. Januari walikuwa wamekwisha kuchukua magunia sita. Sasa walitaka manne yaliyobaki. Tulisimama kivukoni wanawake saba, tukiwa na mipini ya majembe na miti ya kupuria ngano. Nilimpiga mmoja begani. Alikuwa kijana, akakaa kwenye theluji akalia. Nilimpa mkate. Gunia sikumpa. Si kweli kwamba mimi ni rafiki wa mfalme. Wanangu wawili wako katika jeshi hilohilo. Nyumbani tumebaki tisa.*

Reba alisoma tena kuanzia juu. Kisha akageuza karatasi, labda Makoti Mekundu wako nyuma. Hawakuwako.

“Jeshi letu,” alisema.

“Jeshi letu,” Bi Lapp alikubali. “Walikuwa kambini Valley Forge, wanakufa kwa njaa. Walitumwa kukusanya chakula. Nakala ni senti ishirini na tano.”

*

Alipotoka alipita uwanja wa kanisa, ambako mazoezi ya Siku ya Kivuko yalikuwa yamekwisha na watu wanakunywa maji ya limau. Alitaka kupita kimya. Mzee Wendell alimwona kutoka mbali, kofia yake ya pembe tatu kichwani na upanga wa bati kiunoni, akapanda kwenye ngazi ya kanisa.

“Jamani, sikilizeni kidogo. Mkwe wangu huyu anafanya mtihani wa chuo Jumanne, na anamwandika Kapteni Jost. Profesa alitaka ushahidi. Reba, umeupata?”

Watu hamsini waligeuka. Reba alikuwa ameshika bahasha.

“Nimeipata hati,” alisema.

Wakapiga makofi. Mwenye duka la chakula cha mifugo alimpigapiga begani akamwambia wasomi wa mjini wamechelewa kuambiwa ukweli. Reba alitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Mkuu wa shule, Bi Hatcher, alimsogelea akiwa na bilauri yake. Alikuwa mwanamke wa kusema mambo mabaya kwa upole.

“Nimefurahi kukuona, Reba. Kuhusu ile nafasi. Nimeishikilia kadiri nilivyoweza, lakini ofisi ya elimu inataka jina Jumatatu, si hii ya keshokutwa, ile inayofuata, saa sita mchana. Kuna binti mmoja ameomba, ana shahada kabisa. Sikutaka usikie kwa watu.”

“Matokeo yanatoka Jumatatu hiyo asubuhi.”

“Vizuri. Lakini usijisikie vibaya ikiwa hutaipata. Watoto wanaupenda sana mkate wako.” Alimgusa kiwiko. “Kila mtu ana kipaji chake.”

*

Jumapili, baada ya ibada, mzee Wendell alikwenda kung’arisha vifungo vya koti lake kwa rafiki yake, na Reba akamwonyesha Dwight ile nakala. Dwight aliisoma amesimama, mkono mmoja ndani ya kopo la achari ya matango.

“Kumbe nimekuwa nikifia upande usio wangu,” alisema. “Miaka yote hii. Na ile suti inanibana.”

“Dwight, sina mzaha. Nifanyeje?”

“Andika hii.”

“Na baba yako?”

“Mwambie baada ya mtihani. Mwambie Desemba. Mwambie akiwa amelala.”

“Anajua. Aliiona mwaka wa themanini na tisa akajifanya hana miwani.”

Dwight aliutoa mkono kwenye kopo, akaketi. Hilo hakulitegemea. “Basi ndiyo usimwambie kabisa,” alisema taratibu. “Mtu akifunga mlango miaka thelathini na kitu, si kwamba hajui kilichomo ndani.”

“Ndiye anayenipeleka Jumanne. Gari langu liko kwa fundi, wewe unaondoka saa kumi na moja alfajiri. Nitakaa naye dakika arobaini, ananiuliza habari za Kapteni, namjibu nini?”

“Jifanye unasoma.”

Reba hakuwa mtu wa kujifanya anasoma. Alichukua penseli, akaiweka nakala mbele yake, akaanza kuandika muhtasari, na kila sentensi ikamfia mkononi. Aliandika kwamba vita vilikuwa vigumu kwa wakulima. Akafuta. Aliandika kwamba wananchi walikuwa na hisia mchanganyiko. Akafuta kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka. Hivyo ndivyo wanavyoandika wale watoto wa miaka kumi na minane darasani, na wanapata tisini, kwa sababu wanajua kuendelea.

“Huyu mama,” alisema kwa sauti, “alikuwa na magunia manne na watu tisa.”

“Hivyo ndivyo ilivyoandikwa,” alisema Dwight.

“Nyamaza kidogo.” Alianza kuandika haraka. Gunia la unga linalobebeka na mtu mmoja, tuseme ratli mia, kama kilo arobaini na tano. Manne ni ratli mia nne. Mtu mzima anayefanya kazi shambani, wakati wa baridi, hakuna mboga, nyama ya kuhesabu, atakula mkate wa ratli moja ya unga kwa siku. Watoto weka pungufu, halafu rudisha hapo hapo kwa sababu wageni hawakosi. Watu tisa, ratli tisa kwa siku. Hii haikuwa historia. Hii ilikuwa orodha ya Jumatatu jikoni kwake, isipokuwa jikoni kwake walikuwa mia tatu na themanini.

“Siku arobaini na nne,” alisema. “Kuanzia tarehe kumi na mbili Februari. Ungemwishia mwisho wa Machi, Dwight. Hata kama hawakuchukua kitu. Ngano mpya inavunwa Julai. Alikuwa ana njaa ya miezi mitatu mbele yake na bado yale magunia anayo. Halafu akatoa mkate.”

Dwight alitazama zile tarakimu.

“Mkate mmoja ni kitu gani?” aliuliza.

“Nusu ya chakula cha siku cha mtoto wake. Zaidi. Alijua. Mtu anayekanda anajua.” Aligeuza karatasi akaanza upya, na safari hii sentensi zilikuja zenyewe, fupi, kama maagizo anayoyabandika ukutani kwa wasaidizi wake.

*

Jumanne mzee Wendell alikuja na gari lake safi, tai shingoni, na kadi zote hamsini na mbili kwenye mfuko wa koti. Walikwenda maili sita akiuliza na Reba akijibu. Uasi wa Wiski haumo, ni 1794. Mkataba wa Shirikisho ulishindwa kwa sababu serikali kuu haikuweza kutoza kodi. Wajumbe hamsini na watano walikaa Philadelphia na madirisha yamefungwa.

“Sasa Kapteni,” alisema mzee. “Utaanza na mto au utaanza na wanaume arobaini?”

Reba aliangalia mashamba. Angeweza kusema mto.

“Sitamwandika Kapteni, baba mkwe. Namwandika Barbara. Hati ni yake. Ni wanawake saba, na waliokuja hawakuwa Waingereza. Walikuwa wetu.”

Mzee aliendesha. Alipunguza mwendo kwenye daraja, akawasha taa ya kukata kona kabla ya wakati, akaizima.

“Nilisimama mbele ya kanisa,” alisema.

“Ndiyo.”

“Na upanga.”

“Ndiyo, baba mkwe.”

“Ukaniacha.”

“Watu walikuwa hamsini. Wewe ungeniambia nini mbele ya watu hamsini?”

Walipita kituo cha mafuta, walipita makaburi ya kanisa la Wamenoni, walipita lori la maziwa ambalo siku nyingine angelitukana. Reba alihesabu alama kichwani. Ishirini na tano kwa maswali mafupi kama akiteleza, thelathini na tano kama akitulia. Akiyumba kwenye hati, kwaheri.

“Yule kijana,” mzee alisema mwishowe, wakiwa wamekwisha kuona mnara wa maji wa chuo. “Aliyepigwa begani. Amesema alikuwa wa umri gani?”

“Hakusema. Kasema kijana. Kasema alikaa akalia.”

“Kwenye theluji.”

“Kwenye theluji.”

“Mimi nililia kwenye matope,” alisema mzee Wendell, macho barabarani. “Nilikuwa askari wa miaka kumi na tisa, na lile jeshi lilikuwa hilihili la kwetu. Sikupewa mkate.” Aliegesha gari kati ya mistari kwa uangalifu mkubwa, akazima injini. “Huo mstari nilishaufikia, Bi Lapp asikudanganye. Niliusoma wote. Shuka, utachelewa.”

Mzee alikuwa ameshafungua gazeti.

*

Mlangoni kijana mwenye kofia iliyogeuzwa kisogoni alimsimamisha. “Samahani, mwalimu, kalamu nyeusi inaruhusiwa?”

“Inaruhusiwa,” alisema Reba, na kuingia, na kukaa kwenye dawati lililo nyuma yake. Kijana aliona haya mpaka masikioni.

Dokta Pruitt aligawa maswali. Reba alikuwa na vijitabu vitatu vya buluu vya kuandikia majibu, maana mwandiko wake ni wa mtu aliyezoea kuandika ubaoni. Maswali mafupi yalikuwa ishirini na matano. Sheria ya Stempu ilikuwamo, bila lami. Moja lilihusu hoja za waliopinga Katiba, akajua nusu. Jingine lilitaja mkataba na Wahindi Wekundu ambao hakukumbuka kuusoma wala kuulizwa, akaacha wazi, akajilaumu, akarudi, akaandika kilichomjia. Saa moja iliisha hapo.

Kisha akafungua kijitabu cha pili, akaiweka nakala ya Barbara pembeni, na kuandika: *Unga huu ungeisha tarehe ishirini na nane Machi.*

Hakuinua kichwa tena. Aliandika kuhusu gunia na ratli. Aliandika kwamba wanaosema wakulima hawakuipenda nchi yao hawajawahi kugawa mkate kwa watu wanaozidi mkate. Aliandika kwamba Barbara alikuwa na watoto pande zote mbili za lile gunia, wawili jeshini na wengine nyumbani, na hapakuwa na namna ya kuligawa ambayo isingemnyima mtoto wake mmoja. Aliandika kwamba mji wake hukumbuka jambo hili kwa namna nyingine, na akaeleza ni namna gani, na kwa nini watu wema huona ni rahisi kumpiga Mwingereza kila mwaka kuliko kumkumbuka kijana wa kwao aliyekaa kwenye theluji. Alipofika hapo aliufikiria uso wa mzee garini, akaandika kwa upole zaidi.

“Dakika mbili,” alisema Dokta Pruitt.

Hitimisho lilikuwa sentensi moja na nusu. Ile nusu ilikatizwa na mkono wa mwalimu.

“Samahani, Bi Kessler. Muda.” Alitazama ukurasa wa mwanzo, akatazama jina kwenye nakala, akamtazama yeye. “Kessler huyu ni wa kwenu?”

“Wa mume wangu. Baba mkwe yuko nje kwenye gari, amenuna.”

“Kwa sababu ya hati?”

“Kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia,” alisema Reba, na kuvaa koti.

*

Siku ya Kivuko ilipita Jumamosi kama kawaida, maana matangazo yalikuwa yameshachapishwa. Makoti Mekundu walikimbia. Dwight alikufa mara tatu, na mara ya tatu akafia kwenye kiota cha siafu. Mzee Wendell alitoa amri zote isipokuwa hotuba ya mwisho juu ya Kapteni. Alisema koo linamkereketa, akamwachia mchungaji. Kwa Reba hakusema neno kuhusu mtihani, lakini Jumapili alikula kwao, na akaomba kuongezewa chakula.

Jumatatu saa nne na dakika kumi Reba alikuwa amesimama kwenye ghala la jikoni la shule, kati ya mapipa ya maharage, akifungua ukurasa wa chuo kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Ukurasa ulizunguka. Akaufunga, akaufungua. Msaidizi wake aliita kwamba oveni inalia, akamwambia aiache ilie.

Maswali mafupi, thelathini na sita kati ya hamsini. Hati, arobaini na tatu. Jumla, sabini na tisa.

Alijumlisha mwenyewe kwa kidole kwenye gunia la mchele, kwa sababu mashine hukosea. Kisha akapanda ghorofani akiwa na aproni yake na unga wake, akaiweka simu mezani mbele ya Bi Hatcher. Bi Hatcher alivaa miwani, akasoma, akavua miwani.

“Hongera, Reba. Kweli hongera.” Alimrudishia simu. “Sasa mkate nani atapika?”

“Hilo tangazo nitaliandika mimi,” alisema Reba. “Ni kazi ya karani.”

Alipofika nyumbani jioni, mzee Wendell alikuwa ameketi jikoni na Dwight ameshamwambia. Kwenye meza palikuwa na pai ya molasi kutoka kwa mwokaji, mishumaa haikuwepo, na mzee alikuwa na kipande cha karatasi chenye tarakimu.

“Keti,” alisema. “Dwight anasema arobaini na tatu kati ya hamsini, ile ya Barbara.”

“Ndiyo, baba mkwe.”

“Hizo saba zimekwenda wapi?”

“Sikumaliza hitimisho. Na ameandika kwamba nimekadiria uzito wa gunia bila ushahidi.”

“Ushahidi.” Mzee aligeuka kumtazama mwanawe, kisha akamgeukia tena Reba. “Mwanamke ana vinywa tisa ndani, askari kumi na wawili mlangoni, na huyu bwana anataka kujua kama alipima gunia. Nipe namba yake ya simu.”

“Sikupi. Nilihitaji sabini na nane, nimepata sabini na tisa. Yamekwisha.”

“Kwako yamekwisha, mwanangu,” alisema mzee Wendell, akichukua kisu na kuanza kukata pai, vipande vikubwa. “Mimi namzungumzia Barbara.”